Mashuka ya Uvunguni

Shangazi alikuwa na msimamo mmoja kuhusu wageni: mgeni haonyeshwi uchafu. Ndiyo maana asubuhi ya ukaguzi alilibeba furushi la mashuka yaliyoharibika, akatoka nalo kwa mlango wa nyuma wa kiwanda chake kidogo cha kufulia, akavuka ua mpaka chumbani kwake na kulisukumiza uvunguni mwa kitanda. Kwenye rafu ya ofisini yalipokuwa, akaweka maua ya plastiki.

Mteja wao mkubwa alikuwa hoteli, na hoteli hiyo haikumpa mashuka yake mtu asiye na cheti cha ubora na utunzaji wa mazingira. Cheti walikuwa nacho. Lakini viwango vilikuwa vimebadilishwa, na asiyekaguliwa upya, cheti chake kilikuwa kinakufa.

Maandalizi yote Shangazi alimwachia binti wa kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno na ambaye sasa alikuwa amemaliza chuo. Wafuaji walimwita Redio kwa utani, maana ili umsikie ilibidi umsogezee sikio. Redio alichora mishale sakafuni ili nguo safi na chafu zisikutane njiani. Aliwazoesha wafuaji kupima dawa badala ya kumimina. Alijisahau kwa kazi hiyo hadi Shangazi akawa anambembeleza ale kama mtoto.

Tatizo ni kwamba mashuka yale yaliharibiwa na Shangazi mwenyewe. Alipenda weupe, na dawa ya kung'arisha aliimwaga bila kubana mkono. Mashuka ya hoteli yakatoka meupe pe, na yakachanika kama karatasi iliyolowa. Redio hakumlaumu. Alileta tu kikombe chenye alama za vipimo, akasema, "Shangazi, tujaribu na hiki," kisha akayakunja yale mabovu na kuyaweka rafuni. "Yakae hapa. Tutayahitaji."

Tutayahitaji kwa lipi, Shangazi alijiuliza, kama si kunisuta?

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alichungulia kwenye mashine, akainama juu ya mtaro na kunusa maji, kisha akamwendea Mzee Pasi, mpiga pasi mkongwe kuliko wote.

"Dawa ikimwagika sakafuni, mzee, unafanya nini?"

"Kwanza naruka."

"Halafu?"

"Namwaga mchanga, nazoa, nafungia kwenye ndoo ile ya kifuniko. Lakini usisahau kuruka."

Mkaguzi alicheka, Redio naye akacheka, na Shangazi akaona mambo yanakwenda vizuri. Wakaingia ofisini, wakaketi.

"Sasa nionyesheni kazi iliyowaharibikia," mkaguzi alisema.

Redio aligeukia rafu. Aliyatazama maua ya plastiki kwa muda, kisha akamtazama Shangazi.

"Hapa hatuharibu, mwanangu," Shangazi alimjibu mkaguzi upesi. "Tunafua tu."

"Mwaka mzima, mama? Hakuna hata nguo moja?"

"Hata leso."

Mkaguzi akaweka kalamu mezani. "Sikuja kutafuta watu wasiokosea, mama. Nataka kujua mkikosea mnafanyaje. Nikiambiwa hakuna kosa, mimi naelewa hakuna anayeangalia, na hapo siwezi kuwapitisha." Akamgeukia Redio. "Dada, ni kweli hakuna?"

Neno moja tu la mtoto huyu lingetosha kumvua Shangazi nguo mbele ya mtu baki. Redio aliinamia vidole vyake.

"Shangazi ndiye mkubwa wetu," alisema. "Akishasema, amesema."

Machozi yakawa yanamlengalenga. Ndipo Shangazi alipoelewa. Mtoto huyu alikuwa tayari kazi yake yote izame, hoteli iondoke, kuliko kumwaibisha yeye. Na yeye alikuwa ameketi pale amenyanyua shingo, anailinda rafu yenye maua ya plastiki.

"Nisubirini," alisema, akainuka.

Alirudi akihema, furushi kifuani, akalibwaga mezani.

"Hayo hapo. Si wafuaji, si mtoto huyu. Ni mkono wangu huu."

Mkaguzi alikunjua shuka moja, na kidole chake kikatokeza upande wa pili. "Dawa?"

"Dawa. Nilikuwa namimina kama naoga mimi."

"Siku zile hata nzi walikuwa wanapiga chafya," Mzee Pasi alidakia mlangoni.

"Wewe! Rudi kwenye pasi yako!"

Lakini mkaguzi alikuwa anatabasamu, kalamu imerudi mkononi. "Mlipoyaona haya, mkafanya nini?"

Redio akaeleza. Alianza taratibu, kisha akapata moto: jinsi walivyojaribu vipimo mpaka wakapata kinachotosha, jinsi mashuka yalivyoacha kuchanika, jinsi madumu yanayonunuliwa yalivyopungua na maji ya mtaroni yakaacha kuwachoma macho. Kule nje Mzee Pasi aliwaambia wenzake, "Sikieni, Redio imekamata mawimbi!"

Mkaguzi aliwaachia jambo moja la kurekebisha: madumu ya dawa yawekewe beseni chini, ili dawa ikivuja isifike mtaroni. Wakishamaliza hilo, alisema, atawapendekeza wapewe cheti kipya. Akaaga.

Walipobaki wawili, Shangazi aliuliza bila kumtazama, "Mbona hukunitaja?"

"Ningekutajaje, Shangazi, mbele ya mgeni?"

"Na hoteli ingeondoka?"

"Tungefua za majirani."

Shangazi alicheka hadi akashika meza, kisha akamvuta binti yule kifuani. "Sikiliza, mama. Nikikosea, niambie. Awepo mgeni, asiwepo. Umesikia?"

"Nitajaribu."

"Kwa sauti!"

"Nitajaribu, Shangazi!"

"Haya, anza sasa hivi. Leo nimekosea nini kingine?"

Redio alijitoa kifuani mwake, akamkagua toka juu hadi chini.

"Una vumbi la uvunguni kichwani," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga pasi, akaanza kumpangusa.