Miezi Minne ya Kiapo

Rahila alirudi Maskati kutoka hospitali ya London na mfuko wa choo ubavuni, umefichwa chini ya nguo. Utumbo ulikuwa umeharibika. Madaktari wakamtoboa tundu tumboni, akapona.

Huko wodini jirani yake wa kitanda alikuwa bibi wa Kiyahudi, mkongwe lakini mcheshi. Kila akitoka chooni alinong'ona dua. Rahila alipomuuliza, akamweleza kwamba wao humshukuru Mungu aliyemuumba mtu kwa hekima, akamtia matundu na mianya. Likiziba la kufunguka, au likifunguka la kuziba, mtu haishi.

"Hapo hapana aibu, mwanangu," bibi akasema. "Wala kitandani. Kwetu haki ya mke kulala na mumewe imo kwenye mkataba wa ndoa. Mume hamnyimi ili amkomoe."

"Hata kwetu mume haachiwi afanye hivyo," Rahila akajibu, akacheka. Hakujua kwamba yatamfika mwenyewe.

Mumewe, Khalil, muuza magari wa mtaa wa Wattaya, siku ya kwanza tu alifunika pua. "Wallahi, sikugusi tena mpaka ukitoe hicho kidude!"

Kitoke kiende wapi, na ndiyo njia ya uhai wake? Wala hakuishia hapo. Alikwenda kumsimulia mamake na dada zake. Tangu siku hiyo Rahila akatengewa sahani na kikombe chake, na mawifi kila akipita wanafukiza udi. Khalil alikuwa keshaposa msichana wa mtaa wa Mawaleh, lakini talaka hakutoa. Alitaka Rahila aiombe mwenyewe, watu wasije wakasema kamtupa mgonjwa.

Rahila hakulia. Alihesabu siku. Mume akiapa kiapo kama kile, ikitimia miezi minne mke ana haki ya kwenda kwa kadhi, na mume hutakiwa achague: arejee kwa mkewe au amwache. Miezi ilipotimia, akenda mahakamani na shangazi yake, Bi Mwanamize.

"Uliapa?" kadhi akamuuliza Khalil.

Khalil akamtupia jicho kaka yake Humam, aliyemsindikiza. "Sheikh, haya mambo ya chumbani."

"Ulipoyapeleka jikoni kwa mamako yalikuwa ya wapi?" Rahila akamkata.

Humam akainamisha kichwa. Khalil, kwa jeuri, akasema anarejea. Alidhani mkewe ataogopa, aombe talaka mwenyewe.

Alasiri ile ile Rahila alimwingiza chumbani, akauacha mlango wazi kusudi, mama mkwe na mawifi wamekaa sebuleni. Akapandisha nguo.

"Karibu mume wangu. Anza kwa kunibadilisha mfuko."

Khalil akanyoosha mkono. Harufu ikampiga, akageuka, akatapika juu ya zulia.

"Tundu hili Mungu kanijaalia niishi," Rahila akasema. "Uchafu ni huo ulimi wako. Sema sasa, na useme kwa sauti, mamako asikie."

"Nimekuacha! Rahila, nimekuacha!"



Wazee wa msichana wa Mawaleh walipokuja kuulizia habari za Khalil, Rahila aliwasimulia yote, hakupunguza hata la zulia. Posa ikavunjika wiki ile ile.

"Basi, mwanangu," Bi Mwanamize akamsihi. "Msamehe, roho yako itulie."

"Imetulia, shangazi. Nnalala fofofo," Rahila akajibu. "Kumsamehe ndiko sitaki."