Weupe wa Macho

Wateja walimwita Fundi Jicho, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Ukimpelekea picha ya harusi iliyopigwa chini ya taa mbovu, bibi harusi kawa kama ndizi mbivu, anakaa mbele ya kompyuta, anapunguza manjano, anang'arisha meno, anasafisha weupe wa macho, na unaondoka unachekelea. Mkono wake uliyazoea hayo hata akayafanya huku anaongea na simu.

Alikuwa na kifaa kidogo cha kubandika kwenye skrini, kinachopima rangi zake na kuzirudisha mahali pake. Skrini huzeeka polepole kama mtu, na anayeitazama kila siku ndiye wa mwisho kujua. Ya kwake ilikuwa imeingia umanjano. Kifaa kililala kwenye droo chini ya nyaya.

"Mashine ninayo hapa," alikuwa akisema, huku anajigusa chini ya jicho.

Wakapata mtoto wa kwanza, binti. Hawajakaa naye sana nyumbani, mkewe akamwita chumbani.

"Mume wangu, hebu mtazame macho. Yana manjano."

"Ni hiyo balbu."

"Nimemsogeza dirishani, ni yale yale."

"Na pazia lako la rangi ya haradali je? Wewe pika, rangi niachie mimi."

Mke hakucheka. Akampigia wifi yake, dada mkubwa wa fundi, muuguzi wa wodi ya watoto katika mji mwingine. Dada akasema mtoto apigwe picha dirishani, macho wazi, itumwe mara moja.

Fundi akapiga kwa kamera yake nzuri. Alipoifungua kwenye kompyuta, picha nzima ilikuwa ya manjano: shuka, pazia, mashavu, macho. Mtu mwingine yeyote angeituma hivyo hivyo. Yeye akaona haya kumtumia dada yake kazi chafu. Akapunguza manjano mpaka shuka likawa jeupe machoni pake. Kisha mkono, bila kutumwa, ukaenda kwenye macho ya mtoto ukayasafisha, kama ulivyosafisha ya mabibi harusi wote. Mwisho, kwa kuwa kamera hubeba rangi nyingi kuliko zinazoingia kwenye simu, akaibana picha katika sanduku dogo la rangi, na kama kulikuwa na manjano yaliyosalia, yakaachwa nje. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia, na laiti wangemkuta huyu wakamchapa vidole.

Dada akajibu: "Macho meupe kabisa. Mtoto mzima. Mnyonyeshe mara kwa mara, wifi, uache wasiwasi."

Wajuzi wawili wamesema, mama wa mtoto atabisha na nani? Akanyamaza. Mtoto akawa analala sana, ziwa hataki. Fundi akamsifia kwa majirani kuwa ana binti mpole. Mpaka shingo ikakakamaa na kilio kikawa chembamba, ndipo wakakimbia hospitali. Daktari akasema manjano yamefika kwenye ubongo, akamlaza chini ya taa ya buluu ya kuyaondoa, akauliza kwa upole mbona wamechelewa hivyo.

"Tuliuliza," mama alisema. "Tukaambiwa mzima."

Mtoto alipona, ila masikio yalikwenda. Sasa anasimama kwa kushika meza, na mfuniko wa sufuria ukianguka nyuma yake hageuki. Dada mtu aliomba kuhamishwa wodi ya watoto. Kila akipiga simu analia: "Mdogo wangu, niliitazama vizuri ile picha. Nilikosea wapi?"

"Ni mipango ya Mungu, dada," fundi alimjibu kila mara, na kila mara akajichukia. Alikuwa anakumbuka alichoyafanyia yale macho, lakini alijipa moyo kwamba yalikuwa meupe tangu mwanzo.

Asubuhi moja mteja akarudisha picha za ukoo wake. "Fundi, umetugeuza maiti. Wote tumekuwa wa buluu."

Hapo ndipo alipotoa kifaa kwenye droo. Kikabandikwa, skrini ikapitisha rangi zake moja moja, ikasawazika. Akatazama picha za yule mteja, kweli zilikuwa za maiti. Akaogopa. Akafungua picha ya mtoto, ile halisi, ambayo haikuguswa.

Shuka lilikuwa jeupe. Pazia lilikuwa la haradali, kama lilivyo. Na macho ya mtoto yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

Akaifungua na ile aliyoituma, akaziweka ubavu kwa ubavu. Hakumsikia mkewe akiingia na mtoto kiunoni.

"Pazia letu lilikuwa la kijivu lini?" mke aliuliza, akinyoosha kidole kwenye ile ya pili.

Fundi akashtuka, akageuka.

"Hii ndiyo aliyoiona wifi?"

"Ndiyo."

Mke akazitazama moja baada ya nyingine.

"Mimi niliona," alisema. "Niliona kwa macho yangu, ukanitoa kwenye nilichokiona."

Akachukua simu ya mumewe, akampigia wifi, akafungua spika, akaiweka juu ya meza. Upande wa pili ukapokea upesi, kwa sauti iliyokwisha kuzoea kuomba radhi.

"Mdogo wangu, mtoto hajambo?"

Fundi akaisogelea simu. Mtoto alikuwa akichekea rangi za kwenye skrini. Shangazi yake akaita tena, na tena, na katika chumba kile ni wazazi wawili tu waliomsikia.