Mstari wa Pili

Mhudumu wa ofisi alisukuma mlango kwa goti, akatua birika mezani, akasema, "Chai tayari." Kisha, bila kuvuta pumzi, mdomo wake ukaongeza, "Majani yamekolea, na maziwa nimekunywa mimi."

Wahadhiri wa Kiebrania cha kale wakamshukuru, wakanywa chai ya rangi.

Hakuna aliyeshtuka. Wote pale walikuwa wamezeekea kwenye mashairi ya maandiko, na mashairi hayo ndivyo yalivyo: hayahangaiki na vina, jambo husemwa mara mbili. Mstari wa kwanza hubisha hodi, wa pili huingia mpaka jikoni. Siku mwenzao Mama Mizizi alipomaliza kufasiri shairi la mwisho la juzuu la kwanza, tabia hiyo ilitoka kwenye karatasi ikahamia kwenye jengo. Ukisema neno ndani ya kuta zile, mdomo wako hulirudia kwa namna nyingine, na safari hii hutoa zaidi ya ulivyokusudia. Ukivuka geti, unaendelea kuficha mambo yako kama watu wengine.

Mama Mizizi aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kufukua mizizi ya maneno ya Kiebrania. Mtaani kwake walidhani anauza dawa, na wenye matumbo ya kuunguruma walimgongea mlango. Hakuwafukuza. Nyumba yake ilikuwa ya watu: mama yake mzazi, mashemeji, wapangaji wa zamani waliosahau kuhama. Kwa miaka mingi alifasiri mashairi yale kwenye meza ya kulia, sahani za mchuzi zikipita juu ya kamusi. Sasa kitabu kilikuwa kwa mpiga chapa, na mama yake alishaualika mtaa mzima kwenye uzinduzi, waje kuliona jina la mwanawe kwenye jalada.

Jalada ndilo lililokuwa na kasoro. Lilikuwa na jina moja tu, la Mkuu wa Idara.

Mama Mizizi alimfuata ofisini kwake.

"Profesa, jina langu sijaliona," alisema. "Kazi nimefanya mimi, wewe ulikuja kufungua dirisha."

"Dada yangu, tumefanya pamoja," Mkuu akajibu kwa upole. "Wewe umeumia mgongo, mimi nimeumia kusubiri umalize."

"Basi liweke na langu. Liweke juu ya lako, kwa herufi za kusomeka toka barabarani."

"Nitaliangalia hilo. Nitaliangalia mpaka mashine ya chapa ipoe."

Wakapeana mikono. Baada ya hapo Mkuu akaanza kuwasiliana na watu kwa vikaratasi, maana maandishi hayakuambukizwa. Ukiandika uongo, ulikaa pale pale ulipoandikwa, kimya na nadhifu.

Habari za jengo zikafika mtaani, na umbea hauna breki. Watu wakaanza kuja na shida zao. Msusi wa jirani alimleta mchumba wake, akamsimamisha kwenye korido karibu na ubao wa matangazo.

"Haya, sema," akamwambia.

"Nakupenda," kijana akasema. "Nakupenda wewe, na mdogo wako nampenda zaidi."

Msusi akamrudishia pete, akaenda kumwahi mteja.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa jengo lile ulijaa. Mbele walikaa wasomi waliotoka vyuo vingine. Nyuma ulikaa mtaa mzima, wamepiga pasi mpaka soksi, na katikati yao mama yake Mama Mizizi kwenye kiti alichotoka nacho nyumbani. Bibi huyo hakujua kusoma, ila umbo la jina la mwanawe alilijua kama anavyoijua sura yake.

Mkuu akasimama. Hotuba aliiandika, lakini ilibidi aitoe kwa mdomo.

"Kitabu hiki ni jasho langu," alisema. "Ni jasho la Mama Mizizi aliyekaa pale nyuma, mimi nilileta taulo."

Akageuza ukurasa, akaendelea.

"Nimeyafasiri mashairi haya neno kwa neno. Hata alfabeti yake hunipotea nisiposhikwa mkono."

Msomi mzee wa safu ya mbele akanyanyua kidole. Alisema amefurahishwa sana na mstari ule wa taulo. Ni mfano safi wa mstari wa pili unaoupinga wa kwanza. Mwenzake akaruka: haupingi hata kidogo, unaujenga! Wa tatu akadai ni marudio tu yenye pambo. Wakafungua mikoba, wakatoa kalamu.

"Jamani, si amekiri?" mama yake Mama Mizizi akapaza sauti. "Amekiri hadharani, na nyie mnabishania pambo lake!"

Wasomi wakageuka, wakamshukuru kwa kuongeza mfano mzuri.

Ubishi ukapamba moto mpaka mzee wa mbele akaomba aulizwe bingwa wa mambo haya. Macho yote yakamwendea Mama Mizizi. Alikuja na maneno makali ya kusema siku hiyo, ameyapanga tangu asubuhi mbele ya kioo. Lakini swali lilikuwa zuri, na lilikuwa la kazi yake.

"Unajenga," akasema. "Unajenga, na katika yote niliyofasiri sijakutana na uliojengeka vizuri kama huu."

Makofi yakapigwa. Mkuu akainama kwa heshima, akakaa mezani, akaanza kutia sahihi. Foleni ilifika hadi ngazini, na msusi alikuwemo.

Mama yake Mama Mizizi akakipokea kitabu, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya jalada taratibu, kushoto kwenda kulia, kisha akarudia.

"Jina lako liko wapi, mwanangu? Liko wapi, nami nimewavalisha watu wote hawa viatu?"

"Halipo, mama," Mama Mizizi akasema, na mdomo wake ukaendelea wenyewe. "Wala kwenye juzuu la pili halitakuwepo, na nimeshafika katikati."