Mwanamke Niliyempakua

Usiku wa jana niliota nimepewa kikapu mlangoni mwa duka la picha, na kikapu kikaniuliza kama nina leseni ya kukibeba.

"Sina," nikasema. "Nilidhani kikapu ni cha mteja."

"Cha mteja ni mshikio," kikasema kikapu. "Ndani ni kwangu."

Kabla sijaendelea nieleze nililala katika hali gani, msije mkasema ni homa. Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na moja nimepima malori kwenye mzani wa barabarani, na tangu nistaafu nimejifundisha kompyuta mwenyewe, bila mwalimu. Matokeo yake mtayaona. Mke wangu, Somoe, anatengeneza achari ya ndimu hapa Tanga, na wiki iliyopita nilimtengenezea tovuti. Siku ya picha alivaa kanga mpya, akapaka wanja, akakaa kwenye kigoda uani na chupa mkononi. Nikampiga picha kumi na tisa kwa simu. Zote zikatoka na ukungu, kwa sababu mkono wangu unatetemeka. Lakini hilo si jambo la mwanamume kulisema mbele ya mkewe. Nikamwambia, "Mama Rukia, tatizo ni wewe. Huna pikseli za kutosha."

Kisha nikaingia mtandaoni, nikanunua picha ya mwanamke mwingine, chupa mkononi, meno yote nje, nikamweka ukurasa wa mbele. Chini yake nikaandika: Mimi ndiye Somoe. Achari hii naitengeneza kwa mikono yangu.

Somoe aliitazama ile tovuti. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Huyu umempataje?"

"Nimempakua," nikasema, kwa fahari ya fundi.

"Vizuri. Basi na yeye akupakulie. Na achari akutengenezee huyo huyo mwenye pikseli."

Tangu hapo ni siku tatu. Wali najipakulia mwenyewe, tena mkavu. Hakuna achari mezani, hakuna neno. Kapu la ndimu limekaa barazani halijaguswa, zimeanza kulainika, na yeye anapita kando yake kama anapita kando ya mtu asiyemjua. Mwanamke huyu ametengeneza achari tangu kabla sijamwoa. Nilikuwa nimemwachisha kazi yake kwa neno moja ambalo hata maana yake siijui sawasawa.

Turudi dukani.

Rafu zinafika darini, na kwenye rafu wamesimama watu. Wote wanacheka. Wote wamelowa, kwa sababu ambaye hajanunuliwa ana alama ya maji, ile ya kuzuia picha isiibiwe, na maji yenyewe yanamtiririka kifuani kwa herufi kubwa. Napita na kikapu changu. Mtu wa suti ananionyesha ubao usioandikwa kitu. Mabibi wawili wanacheka na sahani ya kachumbari. Mzee wa umri wangu anakimbia ufukweni, wala hafukuzwi na mtu.

"Unakimbilia wapi, mzee mwenzangu?" nikamuuliza.

"Nastaafu kwa furaha," akasema akihema. "Mwaka wa sita huu. Wewe unastaafu vipi?"

"Mimi nakaa."

"Kuna watu wana bahati," akasema, akaendelea kukimbia.

Kwenye kaunta karani ni lenzi, ile ya kutafutia, duara na mpini wake. Ikanitazama, nikaona pua yangu imekuwa kubwa kama papai.

"Wako yuko tayari," ikasema. "Mpakue."

Ikaniletea sufuria ya shughuli, ile ya pilau ya watu mia tatu, na upawa. Nikafunua. Nachota. Kwanza linatoka paji la uso. Nalimwaga kwenye sinia, nachota tena, yanatoka macho, kisha meno, ambayo peke yake yalijaza upawa mara mbili. Kikapu kinahesabu kwa sauti: asilimia arobaini, asilimia sabini. Ilipofika tisini na tisa, upawa ukagoma.

"Kimebaki nini?" nikauliza.

"Kidole kidogo cha mguu," likajibu sinia. "Subiri. Usizime."

Nikasubiri. Nadhani nilisubiri mwaka. Kidole kilipotua, sinia likawa sakafu ya jiko letu, na yule mwanamke amesimama katikati, mkavu, chupa mkononi, anacheka. Somoe yuko pale pale, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Karibu," Somoe akamwambia. "Jina lako nani?"

"Mwanamke Mwenye Furaha Akishika Chupa, Mandhari Nyeupe, Mlalo."

"Hilo refu. Tutakuita Mlalo. Kaa basi, Mlalo."

"Siwezi kukaa. Nilipigwa nimesimama."

"Alikupiga nani?" Somoe akaacha kukuna.

"Mpiga picha."

Somoe akanitazama mimi. Nikamwambia yule sikumpiga, nilimnunua tu amekwisha kupigwa. Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nilitamani nami niingie kwenye sufuria.

Tatizo jingine la Mlalo ni ile mandhari nyeupe. Kila anapopita, nyuma yake panakuwa peupe. Alipogeuka kidogo, rafu ya masufuria ikapotea. Alipogeuka tena, ukapotea mlango wa uani na jirani yetu aliyekuwa anachungulia.

"Shoga," Somoe akasema kwa upole kabisa, "una waume wangapi?"

"Mia nne na kumi na mbili, na huyu wako. Kuna daktari wa meno, kuna wa bima, kuna wa dawa ya mende. Kuna mmoja anauza sanda. Huko pia nacheka."

Sitaficha: niliona wivu. "Kumbe si mimi peke yangu?"

"Leseni yangu si ya kipekee," akasema Mlalo. "Hukusoma?"

Hapo mkeka ukaingia kwa kujisukuma chini ya mlango, ukajikunjua jikoni, ukavuka sebule, ukatokea barabarani. Umeandikwa wote kwa herufi za ukubwa wa siafu. Yale ndiyo Masharti.

"Umenisoma?" ukauliza mkeka.

"Nilibonyeza Nakubali."

"Ulikubali nini?"

"Nilikubali kwamba nakubali."

"Kifungu cha tisa," ukasema mkeka. "Mnunuzi hataandika jina la mtu mwingine chini ya picha. Akiandika, mwenye jina atakwenda kusimama kwenye rafu, na mwenye picha atabaki nyumbani kukuna nazi. Nafasi haikai wazi."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa mkeka. Somoe hakucheka. Kanga yake ilikuwa inaanza kulowa kifuani, herufi kwa herufi.

"Baba Rukia," akasema, "ni nini hiki kinanitiririka?"

Namkimbilia, nashika hewa. Jiko limekuwa duka tena. Mbele yangu kuna rafu moja ndefu, na juu yake wanawake elfu kumi na nne, kanga moja, chupa moja, wote wanacheka, wote wanachuruzika maji.

"Mke wangu yuko wapi?" nikaiuliza lenzi.

"Humo. Nipe maneno ya kumtafutia."

"Mke wangu."

"Hayupo. Ulimaanisha mke wa mtu?"

"Mwanamke mzuri."

Wote elfu kumi na nne wakapiga hatua moja mbele.

"Mchapakazi. Mvumilivu. Mwenye upendo."

Wakapiga hatua nyingine. Wa mwanzo sasa walikuwa wanakanyaga vidole vyangu.

"Miaka thelathini na minane ya ndoa," ikasema lenzi, "na unanipa maneno ya kwenye kadi ya harusi."

Lori la tani thelathini nilikuwa nalitazama matairi tu, nakwambia limezidisha kilo ngapi, na nikipima nakuta ni kweli. Mke wangu nimemtazama lini? Siku ile uani, kwenye kigoda, nilikuwa natazama simu.

"Haraka," ikasema lenzi. "Akishalowa mpaka miguuni anakuwa bidhaa."

Ndipo nikakumbuka.

"Hufumba jicho!" nikapiga ukelele. "Achari ikikaribia, anaweka tone kwenye mgongo wa kiganja, anaonja. Jicho la kushoto likijifumba lenyewe, anasema imeiva. Lisipojifumba, anairudisha juani siku mbili. Hana kipimo kingine. Nilimnunulia mzani mdogo, anauwekea vitunguu."

Nadhani lenzi iliguswa, maana kioo chake kilipata ukungu.

"Sasa hayo," ikasema, "ndiyo maneno ya kutafutia."

Ule upawa ukajaa achari, ukaondoka mkononi mwangu, ukapita mwanamke kwa mwanamke. Wanaonja, wanacheka vile vile. Unapita mia, unapita elfu, meno tu. Nimeanza kukata tamaa. Mwisho kabisa wa rafu, penye kona, kuna mmoja ameonja, na jicho lake la kushoto likajikunja kama mlango wa duka wakati wa adhana.

"Umechelewa, Baba Rukia," akasema. "Nimelowa."

Nikamshusha. Nikataka kusema maneno mazito, lakini nililoweza ni hili: "Zile picha zilitoka na ukungu kwa sababu mkono wangu unatetemeka."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa mbele yako. Niliuona."

Mlalo alikuwa amesimama nyuma yetu na weupe wake. "Jamani, na mimi nionje," akasema. "Mwaka wa saba nashika chupa, haijawahi kuwa na kitu. Humu ni maji ya rangi."

Somoe akamtilia tone kwenye mgongo wa kiganja. Mlalo akaonja. Meno yakaanza kurudi ndani, moja moja, kama kuku wakiingia bandani. Shavu likakunjamana. Jicho la kushoto likaanza kutetemeka...

Nikaamka.

Kumekucha. Nasikia Somoe anafagia uani, ule ufagiaji wa mtu ambaye hasemi na wewe. Nikaenda kwenye kompyuta kabla sijanawa uso, nimwondoe yule mwanamke nimalize kesi. Nikafungua ukurasa wa mbele.

Nikafuta miwani. Nikaangalia tena.

"Mama Rukia," nikaita. "Hebu njoo uone."

Nilijua hatakuja. Akaja, ufagio mkononi, akasimama nyuma yangu. Yule mwanamke yuko pale pale, chupa ile ile, mandhari nyeupe ile ile. Ila mdomo ameubana, na jicho la kushoto limefumba.

Somoe akainamia kioo. Kisha akasema neno lake la kwanza baada ya siku tatu.

"Imeiva."

"Namwondoa sasa hivi," nikasema. "Tena Mama Rukia, zile pikseli, ule ulikuwa ni mkono wangu..."

"Mwache maskini wa Mungu. Mweke pembeni, mdogo mdogo." Akauegemeza ufagio ukutani. "Katikati nitakaa mimi."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na ile kanga mpya, wanja machoni, na kapu la ndimu kiunoni. Akaenda uani, akakaa kwenye kigoda, akachukua ndimu ya kwanza, akaibonyeza kuona kama bado inafaa, akaipasua. Mimi nimeshika simu. Mkono unacheza.

"Egemea mlango," akaniambia, bila kunitazama. "Na leo nitaonja ile ya chupa ya zamani. Usinipige mpaka jicho lifumbe."