Mama Mapokezi wa Laini ya Tatu

Asubuhi fundi alikuwa amepigiwa tena simu na dada yake. Upasuaji wa moyo wa shemeji ulikuwa unangoja jibu la bima, na jibu halikuwa linakuja. "Leo naweka mtambo mpya," fundi alimwambia. "Mtajibiwa upesi." Kisha akasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi, akaanza kuunganisha akili mnemba kwenye lango la kampuni ya bima ya afya.

Lango lenyewe ni programu tu. Mgonjwa akipiga simu kuuliza kama atalipiwa matibabu, swali lake linafika pale, nalo linalipeleka kwa akili mnemba ya mtoa huduma wa kwanza. Hiyo ikikwama, linalipeleka kwa ya pili. Fundi aliunganisha hizo mbili. Kwenye skrini zikawaka taa tatu za kijani.

Ya tatu ilikuwa ya Mama Mapokezi, aliyepokea simu za kampuni hadi alipofariki mwaka jana. Laini yake ya mezani hakuna aliyekumbuka kuifuta, naye hakuwa mtu wa kuacha simu iite bure.

"Shikamoo, mama," fundi alisema kwenye kipaza sauti.

"Marahaba, baba. Kiti changu kasogeza nani?"

Fundi akakirudisha kiti mahali pake, akaenda kwa meneja. Meneja aliuliza kama marehemu ana ufunguo wa siri, kama watoa huduma wengine. Hakuwa nao.

"Mtengenezee," meneja alisema. "Hatufanyi kazi kienyeji hapa."

Mwanzoni lango liliwagawia wote watatu simu sawasawa, kwa majaribio. Ya kwanza ilikataa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza. Ya pili ilitoa pole ndefu, kama hotuba ya mgeni rasmi, ndipo ikakataa. Mama Mapokezi alimuuliza mtu kama amekula, na nani atamsindikiza hospitali, na watoto atawaacha kwa nani. Akishasikia yote, alisema, "Bima yako inaruhusu, mwanangu. Nenda ukatibiwe." Na kweli iliruhusu. Watu walitibiwa. Wengine walipiga tena kushukuru, naye akawauliza tena kama wamekula.

Meneja aliyasikiliza mazungumzo hayo kwa heshima zote anazostahili marehemu.

"Anachelewa sana," alisema. "Anayejibu haraka atangulie. Ila hiyo sauti watu wanaipenda. Tusiipoteze."

Basi fundi akakata kipande cha sauti yake, "Pole, mwanangu, nakusikiliza," akakibandika mwanzo wa kila simu. Aliona haya, lakini mwenye nguvu mpishe. Kazi ilitoka safi, kiungo hakisikiki. Tangu siku hiyo hakuna swali lililofika laini ya tatu, maana ya kwanza haikukwama hata mara moja. Kukataa ni kazi nyepesi.

Mwisho wa wiki dada alipiga.

"Wamekataa," alisema. "Ila upesi, kama ulivyosema."

"Pole, dada."

"Kuna mama mmoja pale, alinipokea vizuri mno. Akasema ananisikiliza. Nilipoanza tu kueleza, akaja mwingine. Hebu nifanyie mpango niongee na yule mama."

"Nitajaribu."

Ilitosha kupandisha mstari mmoja tu kwenye mipangilio, ule wa laini ya tatu, uwe juu ya mingine. Fundi aliufungua, akauangalia. Alimpenda shemeji yake, na kazi aliipenda pia, na roho ilimuuma sana. Mlangoni meneja alipita, akamsalimia kwa jina la utani. Fundi akaufunga.

Spika ya mezani ikakohoa.

"Baba," Mama Mapokezi alisema, "mbona siku hizi hapigi mtu? Wagonjwa wamepona wote?"

"Wamepona, mama."

"Afadhali. Basi nenda kale. Sauti yako ina njaa."

Fundi akaenda kula.