Kihori cha Arvi

Jumatatu ile nilishuka basi na mfuko wangu wa mbegu za alizeti, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, nikaingia nyumba ya wazee anakotunzwa mume wangu, Arvi. Nilimkuta kwenye kiti chake cha magurudumu, anaukodolea macho ukuta. Tangu apigwe kiharusi maneno yamemkimbia, lakini mbele ya kihori cha kulishia ndege, kilichotundikwa nje ya dirisha lake, alikuwa Arvi yuleyule: ananionyesha wale wa kifua chekundu, anamcheka kigogota akiwafukuza wenzake.

Nikatazama nje. Msumari mtupu.

"Nani kakitoa?"

Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Miaka hamsini na moja ya ndoa, sikuwahi kumwona analia.

Nikaenda ofisini kwa msimamizi, Marjut, mabuti yangu yakidondosha theluji.

"Kihori cha mume wangu kiko wapi?"

"Ah, Bibi Saimi, kaa kwanza. Tulikiondoa Ijumaa. Mbegu zinaleta panya, na kinyesi kinachafua ngazi."

"Umemwona panya?"

"Bado, lakini..."

"Nimekuuliza, umemwona panya?"

"Sijamwona."

"Tangu Ijumaa! Binti, wewe si umezaliwa hukuhuku? Hujui ukishaanza kuwalisha ndege huachi mpaka theluji iyeyuke? Umewaita mezani, kisha umewafungia mlango!"

"Tutamwekea Arvi ndege kwenye televisheni. Wazuri sana, na sauti zao."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikafungua mfuko, nikamwaga kilo mbili nzima juu ya makaratasi yake.

"Haya, walishe hao wa televisheni!"

"Bibi Saimi! Namwita mlinzi!"

"Mwite. Mwambie aje na ufagio."

Kihori nilikikuta kwenye pipa nyuma ya jiko, chini ya maganda ya viazi. Arvi alikichonga kwa mikono yake, sasa paa limepasuka. Na chini ya dirisha lake, juu ya theluji, alilala ndege mmoja wa kifua cha manjano, mgumu kama jiwe kwa baridi, mwepesi kuliko glavu yangu. Nilitukana peke yangu pale uani, matusi ambayo mama angenichapa kwayo hata na uzee huu.

Kesho yake nilirudi na kihori nimekitengeneza, na mti mrefu wa msonobari. Ua ni wao. Nje ya uzio ni njia ya umma, hatua sita tu kutoka dirishani. Nikausimika hapo mti, kihori kikiwa juu yake, nikaushindilia theluji, nikaumwagia maji ya birika. Baada ya dakika chache shina lilikuwa limeshikwa na barafu, halitikisiki. Marjut akatoka mbio bila koti.

"Huwezi kuuweka hapo!"

"Lete karatasi ya manispaa inayokataza."

Hakuwa nayo. Akarudi ndani.

Ndege walikuja Alhamisi, wachache kuliko zamani. Arvi alikwisha kukisukuma kiti mwenyewe mpaka kwenye kioo. Alicheka, nami nikacheka, lakini wale ambao hawakurudi niliwahesabu mimi.

Mwezi wa tatu Marjut alinifuata kwenye uzio na kikombe cha kahawa.

"Yaishe, Bibi Saimi. Siku hizi Arvi anakula vizuri."

Kahawa niliipokea, maana kwetu kahawa haikataliwi. Niliinywa yote, nikamrudishia kikombe. Asante sikumpa.