Mjusi Asiye na Tundu la Sikio

Mijusi wanane walilala kwenye trei, kila mmoja na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi gotini: Bukit Belayung. Remba alishawakagua kwa hadubini mara tatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tundu la sikio; magamba yameziba kabisa. Mjusi wa kawaida wa misitu ya Sarawak ana tundu. Huyu alikuwa aina mpya, haijaandikwa popote, na saa nane mchana wakubwa wa misitu wangeamua kama matingatinga yapande Belayung, kilima cha kwao. Kilima chenye kiumbe chake peke yake hakikatwi ovyo.

Kilichobaki ni kujaza saa waliyokamatwa. Akampigia baba yake, Sujang, fundi wa kunasa mijusi kwa kitanzi cha mshipi, aliyemletea wote wanane.

"Apai, Belayung ulianza kunasa saa ngapi?"

"Belayung?" Sujang alicheka. "Mwanangu, si tuna msiba wa baba yako mdogo? Nani aingie msitu wetu kabla ya kumaliza matanga? Nilikwenda kilima cha ng'ambo ya mto. Mjusi ni mjusi, bwana."

Remba aliisukuma trei pembeni. Kilima cha ng'ambo kilikuwa hifadhi tangu zamani, hakuna wa kukigusa. Na vikaratasi aliviandika yeye mwenyewe, huku mjini, bila kuuliza. Msomi mzima, mjinga wa kutupwa!

"Apai, nakuomba uingie Belayung sasa hivi. Nitafutie mmoja tu."

"Nivunje msiba wa ndugu yangu?" Sujang alisikika akichomoa panga ukutani. "Haya. Kuku wa faini nitatoa. Mama yako akininunia, utakuja kumbembeleza wewe."

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Remba hakula. Saa nane kasoro dakika kumi, akiwa amesimama nje ya mlango wa kikao, simu ikaita.

"Ninaye mkononi. Ananing'ata, mshenzi huyu!"

"Mwangalie nyuma ya jicho. Kuna tundu?"

Sujang alishusha sauti.

"Mwanangu, lipi linaokoa msitu? Kuwepo au kutokuwepo? Niambie, niseme hilohilo."

Remba aliibana simu mpaka vidole vikauma. Neno moja tu. Hakuna ambaye angejua, si leo wala mwakani. Alitamani kulisema, alitamani sana.

"Sema unachokiona, Apai."

Alisikia baba yake akihema, akimgeuza yule mjusi upande huu na upande ule.

"Lipo," Sujang alisema. "Pande zote mbili. Naliona hata bila miwani."

Mjusi wa kawaida tu, Remba aliwaza.

"Nimejibu vizuri?"

"Umejibu vizuri, Apai."

"Basi hawakati tena!" Sujang alipiga kelele kwa furaha huko kilimani. Mlango wa kikao ukafunguliwa, Remba akaitwa kwa jina, akaingia huku baba yake akiendelea kushangilia sikioni.